Ng'ambo na Ghorofa: Mabishano juu ya Majumba Marefu katika Mji wa Unguja

Mji wa Unguja, kama ijulikanavyo, ulikuwa miji miwili iliyotengwa na maji. Upande wa magharibi, juu ya rasi ya Shangani, palikuwa na mji wa mawe, wenye nyumba za Masultani, za matajiri wa karafuu na za wafanyi biashara wa Kihindi. Upande wa mashariki, baada ya kuvuka hori ya bahari iliyopwa na kujaa, palikuwa na Ng'ambo. Neno hili halitaji mahali, lataja upande. Mtu hawezi kusema «ng'ambo» ila awe amesimama mahali fulani akitazama pengine, na aliyelitoa jina hili bila shaka alikuwa amesimama penye mawe. Lakini waliokaa huko walilikubali, wakalifanya jina lao, wakajitaja kwalo pasipo kuona haya. Hori ilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini, hata daraja lililowavusha watu likabaki katika jina la soko la Darajani tu. Bali Ng'ambo iliendelea kuitwa Ng'ambo, ijapokuwa hapakuwa tena na maji ya kuvuka.

Mabishano juu ya kujenga majumba marefu ya kukaa watu katika upande huo hayawezi kufahamika vyema pasipo kujua maana ya urefu wenyewe katika Unguja. Ghorofa si jambo geni kisiwani. Nyumba za mji wa mawe nyingi zina ghorofa mbili na tatu, na Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa jengo refu kupita yote mjini kwa muda mrefu, mpaka sehemu yake kubwa ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020. Neno ghorofa limetokana na Kiarabu ghurfa, ambalo katika mazungumzo ya Waarabu wa leo ni chumba tu. Katika Kurani, hata hivyo, wingi wake hutajwa kwa maana ya makao ya juu watakayopewa watu wa peponi, yaliyojengwa moja juu ya jingine. Waswahili walilishika neno kwa upande huu wa juu, na chumba wakakiita chumba. Kupanda ghorofani kulikuwa ni kupata upepo wa bahari, kuepukana na vumbi na harufu ya njia, na kuwatazama wengine kutoka dirishani. Anayekaa chini hajiiti kuwa yuko chini mpaka mwingine amejengewa juu yake.

Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa nyingine kabisa. Ilijengwa kwa miti, fito na udongo, ikaezekwa kwa makuti, na baadaye kwa bati kwa aliyejaliwa. Mbele palikuwa na baraza. Ndani ukumbi uliopita katikati, na vyumba kulia na kushoto. Nyuma ua, na uani jiko, choo, na pengine kisima au mti wa kivuli. Sura hii ya nyumba yaweza kudhaniwa kuwa ya kimaskini, na ndivyo waliyoidhania wengi waliokuja kuitazama kwa macho ya kupita. Walakini ilikuwa na hesabu yake. Mwenye nyumba hukaa vyumba viwili akapangisha vinne, na kodi ya vyumba hivyo ikamlisha. Wenye nyumba wa namna hii wengi walikuwa wanawake, na miongoni mwao wajane na wazao wa watumwa walioachwa huru tangu 1897, ambao hawakuwa na shamba wala duka. Nyumba ndiyo iliyokuwa shamba lao. Na ua ulikuwa ni mahali pao pa kazi, pa kupikia, kusukia ukili, kufulia na kuzungumza, pasipo kuonekana na wapita njia.

Kasoro kubwa ya mpango huu haikuwa katika udongo wala makuti, bali katika ardhi. Aliyekuwa na nyumba hakuwa na kiwanja. Katika karne ya kumi na tisa wenye ardhi, na nyingine ilikuwa ni wakfu, waliwaachia watu wajenge kwa kuwa jamaa zao, watu wao au majirani. Mji ulipokua, wenye ardhi walitambua kwamba ardhi imekuwa mali, wakaanza kutoza kodi ya kiwanja, na kodi ikapanda. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kuilipa. Hawakukataa mtu mmoja mmoja, bali mtaa kwa mtaa, hata Serikali ya Himaya ikalazimika kuingilia na kuiwekea kodi hiyo mpaka. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa husemwa mara nyingi kwamba watu wa Ng'ambo hawakupata kujadili habari za makao yao mpaka walipopangiwa na wengine. Walijadili, tena kwa vitendo, miaka arubaini kabla ya majumba marefu.

Serikali ya Himaya nayo ilikuwa na mipango yake. Bwana H. V. Lanchester, mwenye kupanga miji, alitoa kitabu chake juu ya mji wa Unguja mwaka 1923. Katika miaka ya 1940 Bwana Eric Dutton, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Serikali, alifanya juhudi ya kuitengeneza Ng'ambo, na jengo la Raha Leo ni ukumbusho wa juhudi hiyo. Na mwaka 1958 ukatolewa mpango mwingine wa mabwana Kendall na Mill. Mipango hii ilizaa karatasi nyingi kuliko nyumba. Hata hivyo Raha Leo ilipata kazi ambayo Bwana Dutton hakuiwazia. Ndipo ilipokuwapo sauti ya redio, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalitangazwa kutoka hapo, katikati ya Ng'ambo.

Mapinduzi yalikuwa kwa sehemu kubwa ni jambo la Ng'ambo. Chama cha Afro-Shirazi kilikuwa na makao yake Kisiwandui, na wafuasi wake wa mjini walikaa katika mitaa ya pande hizo. Mzee Abeid Amani Karume mwenyewe alikuwa baharia katika ujana wake, mtu aliyeziona bandari za nchi nyingine na kujua kwamba mfanya kazi wa nchi hizo aweza kukaa katika nyumba yenye bomba na taa. Mwezi wa Machi 1964 ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya Serikali. Kodi ya kiwanja, iliyokuwa imepiganiwa tangu 1928, ikafa siku hiyo. Na pamoja nayo ikafa nguvu ya mtu yeyote ya kuizuia Serikali isijenge ipendapo.

Ujerumani ya Mashariki, ambayo Unguja iliitambua upesi katika siku za mwanzo za Mapinduzi wakati mataifa mengi yalipokuwa yakiikataa, ililipa wema huo kwa nyumba. Wataalamu wake walikuja, na majumba ya fleti yakajengwa Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 ukatolewa mpango wa mji mzima uliosimamiwa na Mjerumani Hubert Scholz. Kisha ikaja Michenzani. Hapa Mzee Karume aliipita mipango ya wataalamu kwa ukubwa wa nia yake. Alitaka mitaa ya zamani ya Ng'ambo iondoke, na mahali pake yasimame majumba ya ghorofa kwa ghorofa, mengine yenye urefu wa kiasi cha mita 300, yaliyopangwa kando ya njia mbili pana zinazokatana kama msalaba. Anayesimama katika makutano hayo leo huona majumba yakienda pande zote nne kama mabehewa ya gari la moshi katika kisiwa ambacho reli yake iling'olewa zamani.

Hoja za wale walioutaka mpango huu si za kudharauliwa. Ya kwanza ilikuwa ya usawa. Kwa muda wa zaidi ya karne, mwenye kukaa ghorofani alikuwa bwana, na mwenye kukaa chini alikuwa mtumishi wake, mchukuzi wake au dobi wake. Kumpandisha mchukuzi ghorofani, kumpa bomba la maji ndani ya jiko, choo cha kuvuta maji na taa ya umeme, kulikuwa ni kusema kwa saruji neno lililokuwa limesemwa katika mikutano kwa mdomo. Wala jambo hili halikufanywa Shangani, ambako nyumba zilizotwaliwa waligawiwa watu baada ya Mapinduzi, bali Ng'ambo kwenyewe, ili Ng'ambo isiwe tena upande wa pili wa kitu. Hoja ya pili ilikuwa ya ardhi. Kisiwa cha Unguja hakifiki kilomita za mraba 1,700, na Serikali ilikuwa ikiwagawia wakulima eka tatu tatu. Mji ukiendelea kutambaa chini utakula mashamba, nao ukienda juu utayaacha. Hoja ya tatu ilikuwa ya afya na moto, na hii ilikuwa ya zamani, maana wakoloni nao walikuwa wakiisema juu ya makuti na vyoo vya shimo.

Kati ya hizi, hoja ya ardhi ilikuwa na nguvu katika maneno kuliko katika majumba yenyewe. Majumba ya Michenzani yaliachiwa nafasi kubwa baina yake, na njia zilizopasuliwa zilikuwa pana mno kwa mji uliokuwa na magari machache. Ardhi iliyookolewa kwa kwenda juu ilitumiwa tena kwa kutanua pembeni. Lakini hoja ya usawa hakuna aliyeweza kuijibu kwa urahisi, na kwa sababu hiyo waliokuwa na shaka walitafuta maneno mengine.

Maneno hayo yalikuwa ya mambo madogo madogo, na ndiyo yenye uzito. Fleti haina ua. Mwanamke aliyezoea kupika kwa kuni au makaa chini ya mti alitakiwa kupika ndani, moshi ukaja chumbani. Kuku hawapandi ghorofa ya nne. Nguo huanikwa mbele ya macho ya mji mzima. Mtu akifa, jeneza lazima lishuke ngazi zenye kona, na wanaokuja matangani hawana pa kukaa ila katika vyumba vya jirani au chini kabisa, nje, mbali na wafiwa. Mzee asiyeweza ngazi huwa mfungwa wa ghorofa yake. Maji yasipopanda, na mara nyingi hayakupanda, ndoo huwa ndiyo bomba, na abebaye ndoo ni mwanamke au mtoto. Juu ya hayo yote palikuwa na ile hesabu ya kodi iliyokwisha kutajwa. Aliyevunjiwa nyumba ya vyumba sita akapewa fleti hakupewa kilicho sawa na alichonyang'anywa, hata kama fleti ilikuwa nzuri mara mbili. Alikuwa na nyumba na chakula chake. Sasa ana nyumba. Na wapangaji wake, waliokuwa hawana jina katika daftari lolote, walikwenda kutafuta vyumba kwingine, mbali zaidi na mji, na humo wakaendelea kujenga ile ile nyumba ya ukumbi na ua iliyokusudiwa kufutwa.

Je, maneno haya yalisemewa wapi? Hapa ndipo penye jambo lililo zito kuliko saruji. Kuanzia 1964 hata 1980 Unguja haikuwa na uchaguzi wa kuwachagua wajumbe wake. Baraza la Mapinduzi lilitunga amri na kuzitekeleza, na mpango wa Michenzani ulikuwa amri. Lugha ya Kiswahili inalo neno moja, baraza, kwa kikao cha wakuu na kwa kile kipande cha sakafu mbele ya nyumba ambapo majirani hukaa jioni. Mabishano juu ya majumba marefu yalifanyika katika baraza za namna ya pili, kwa sauti ya chini, nayo yaliamuliwa katika Baraza la namna ya kwanza. Na uamuzi wenyewe ulikuwa ni wa kuzivunja zile za pili. Mwenye kulalamika angeweza kuhesabiwa kuwa adui wa maendeleo, na katika miaka ile kuhesabiwa hivyo halikuwa jambo la mzaha. Kwa sababu hiyo, mwanahistoria anayetafuta upande wa pili wa mabishano haya hatakuta magazeti wala kumbukumbu za mikutano. Hana budi kuusikiliza katika masimulizi ya wazee na kuusoma katika yale watu waliyoyafanya baadaye kwa mikono yao.

Hata majina yana ushahidi. Mitaa ya Ng'ambo ilipewa majina na waliokaa, kwa miti, visima na mikasa: Michenzani ni penye michenza, Miembeni penye miembe, Kikwajuni lataja mkwaju, Kisimamajongoo kisima na majongoo wake, Kisiwandui lakumbusha maradhi ya ndui. Majumba mapya hayakupewa majina ya namna hii, yalipewa namba. Msomaji asidhani kwamba huu ulikuwa upungufu wa Unguja peke yake. Katika Ujerumani ya Mashariki, mji mpya wa Halle-Neustadt, ulioanza kujengwa mwaka uo huo wa 1964 kwa ajili ya wafanya kazi wa viwanda vya kemikali, ulikaa miaka mingi pasipo majina ya njia, na mkaaji wake alitambulikana kwa namba ya jumba; moja kati ya majumba yake, namba 10, lina urefu wa mita 380. Serikali nazo, kwa jumla, ziliyaita majengo haya ya Unguja «nyumba za maendeleo», jina linalokwenda kuanzia Kilimani mpaka shamba na Pemba, ambako yalijengwa majumba kama haya katikati ya minazi. Watu walikubali jina hili pia, kama walivyolikubali Ng'ambo. Lakini walipotaka kusema habari za jumba lenyewe, walisema jumba, si nyumba: kiambishi cha ukubwa, ambacho katika Kiswahili huweza kuwa cha sifa na huweza kuwa cha kuchukiza, kutegemea sauti ya msemaji.

Mzee Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, karibu mno na majumba aliyoyaanzisha. Mzee Aboud Jumbe aliyemrithi aliendeleza ujenzi kwa miaka kadhaa, kisha fedha ya karafuu ikapungua na kazi ikasimama. Yaliyokamilika ni machache kuliko yaliyokusudiwa. Nyuma ya majumba, hatua chache tu kutoka katika ukuta wa saruji, mitaa ya zamani iliendelea na maisha yake, mapaa ya bati yakiangaliwa kutoka juu. Na mpaka wa mambo haya mawili waonekana hata leo, kana kwamba mtu alianza kufuta ubao akaitwa na mwenzake.

Waliokaa majumbani hawakukaa kama walivyochorewa. Roshani zilizibwa zikawa vyumba, vyumba vya chini vikawa maduka, na chini ya majumba, penye kivuli, watu wakaweka mabao ya kukalia. Vikao hivi viliitwa maskani, na maarufu kupita vyote, Maskani ya Kisonge, kiko hapo hapo Michenzani. Neno hili nalo lastahili kutazamwa. Kwa Kiarabu maskani ni mahali pa kukaa, yaani nyumba. Katika Unguja limekuwa ni mahali pa nje pa mazungumzo na siasa, mahali ambapo wanaume hukaa wakiwa hawako nyumbani. Ni shida kudhani kwamba mageuzi haya ya maana yangetokea katika mji ambao kila nyumba ingali na baraza yake. Wanawake, ambao ua wao ulikwenda na nyumba, hawakupata neno jipya wala mahali papya pa kulingana na hapo.

Wageni wengi huyatazama majumba haya na kuyahukumu kwa sura yake, kisha huyaita makosa. Hukumu hii ni ya haraka. Watoto waliozaliwa humo sasa ni watu wazima wenye wajukuu, na fleti ya Michenzani, iliyo karibu na soko, hospitali na skuli, haiachwi kwa urahisi na aliye nayo. Kosa, kama ni kosa, halikuwa kupandisha watu juu. Lilikuwa ni kuuliza swali moja tu, yaani nyumba ipi ni bora, pasipo kuuliza la pili, yaani nyumba ya zamani ilikuwa ikimfanyia mwenyewe kazi gani.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na Ng'ambo ikaachwa nje ya mpaka; ilingojea zaidi ya miaka kumi kabla idara ya mipango miji haijaanza kuitazama kama mahali penye historia yake, katika kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuwa wengi. Katika hesabu ya 1967 wakazi wa Unguja na Pemba hawakufika 360,000. Katika hesabu ya 2022 walikuwa 1,889,773. Hoja ya ardhi, iliyokuwa dhaifu mikononi mwa Mzee Karume, imepata nguvu ambayo hakuwa nayo yeye.

Kwa hivyo mabishano yamerudi, ila kwa watu wengine na mahali pengine. Sheria ya 2010 ilimwezesha mtu kumiliki sehemu ya jumba pasipo kumiliki ardhi iliyo chini yake, na kwa sheria hiyo mgeni naye aweza kununua. Mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa kujenga Fumba, katika mji mpya ulio kusini mwa uwanja wa ndege, jumba la kukaa watu la ghorofa 28, sehemu kubwa yake ikiwa ya mbao, litakaloitwa Burj Zanzibar. Burj ni mnara kwa Kiarabu, na jina lenyewe laonyesha ni nani anayeitwa aje kulitazama. Wanaoliunga mkono husema habari za kazi, fedha za kigeni na ufundi mpya wa kujenga kwa mbao mahali pa saruji; wenye shaka huuliza juu ya maji, njia, bei, na ni Mzanzibari yupi atakayepanda humo isipokuwa kwa kazi ya kufagia. Tofauti moja na zamani ni dhahiri. Michenzani iliwatoa watu katika nyumba zao ili iwarudishe humo humo juu zaidi. Fumba haikudai kwamba ni ya watu wa Ng'ambo. Na mwenye nyumba ya vyumba sita, ambaye angali yupo Jang'ombe na Mwembeladu, bado hupangisha vinne na kukaa viwili, na kiwanja chake bado ni cha Serikali.